Chai ya Mpimaji wa Bomba

Kabla ya mwezi wa pili mwaka ule, ukitaka kujua nani kijijini Mogitu kaposa, nani karudishwa kwao, nani kauza dume la baba yake akasema limeliwa na fisi, hukuwa na haja ya kuzunguka. Ulikwenda kwa Ludovika. Nyumba yake ilikaa mgongoni mwa kilima, chini kidogo ya msitu wa mlima Hanang, na njia zote za kupanda na kushuka zilikuwa kama zimechongwa zipite mlangoni kwake. Mtu alikuja asubuhi kuomba kaa la moto, akaondoka jioni na kaa limeshazimika mkononi. Mumewe, marehemu Margwe, alizoea kulalamika kwamba katika nyumba yake mwenyewe hajawahi kupata kigoda. Kila akirudi kutoka malishoni anakuta kimekaliwa na mtu anayecheka.

Sasa vigoda vyote sita vilikuwa vitupu, vimepangwa ukutani, na Ludovika alikuwa akivifuta vumbi kila siku kana kwamba kuna mtu anakuja.

Ilianza na Zita, binti yake wa mwisho. Zita alikuwa akipika kwenye kambi ya shamba la ngano la serikali, kule tambarare upande wa Hirbadaw, ambako matrekta yalilima usiku na mchana na wasichana wa milimani walikwenda kutafuta vibarua. Alirudi nyumbani na mimba ya dereva mmoja ambaye jina la ukoo wake halikujulikana na yeyote, na dereva mwenyewe akawa keshahamishwa. Mwezi wa pili uchungu ukamshika. Ukamshika siku mbili. Alfajiri ya siku ya tatu akafa, na mtoto akafa naye, humo humo ndani ya nyumba ya mama yake.

Waliwazika nyuma ya zizi, mama na mtoto katika sanduku moja la mbao za mkaratusi. Wanaume wanne walijitolea kuchimba, nao walipomaliza walikaa kwao siku nyingi bila kumpa mtu mkono. Msalaba haukuwekwa. Msalaba ungewekwa mwaka ukiisha, watu wakiweza kuja.

Maana watu hawakuweza kuja. Wairaqw huita metimani. Binti asiyeolewa akifa na mimba, kifo kile hakitoki na maiti. Kinabaki ndani ya nyumba, kwenye vyungu, kwenye moto, kwenye mikono ya waliomo, na kinamwinda mwanamke mwingine mwenye mimba. Basi nyumba hujitenga mwaka mzima, mpaka kondoo achinjwe na mji usafishwe. Ludovika aliteka maji mtoni baada ya wote, tena chini yao. Ng'ombe wake wawili walilishwa peke yao. Chumvi na sabuni aliwekewa juu ya jiwe mpakani, na aliyeleta aliondoka kwanza ndipo yeye akachukue. Padri alikuwa ameshasema kanisani kwamba mambo hayo yamepitwa, na watu waliitikia vizuri kabisa, wakapokea komunyo, kisha wakati wa kutoka wakazunguka upande wa pili ili wasipite karibu na jiwe alilokalia Ludovika nje ya mlango wa kanisa.

Hakuwalaumu. Yeye mwenyewe aliwahi kuzunguka hivyo hivyo kwa wengine, tena kwa haraka kuliko wote. Lakini kuna watu walioumbwa wakae kimya na kuna walioumbwa kama Ludovika, na miezi mitano ya kuongea na ng'ombe ilikuwa imemla mpaka mfupani. Usiseme ni njaa ya chakula. Alikuwa na mahindi. Alikuwa na njaa ya mtu wa kumwambia "enhee, ikawaje?"

Katika hali hiyo ndipo Bwana Xavery alipofika.

Alikuwa mpimaji, mtu wa Mahenge, ameletwa mkoani na wizara miezi miwili tu nyuma. Shamba la ngano lilitaka maji ya kambi na ya karakana, na maji mazuri yalikuwa kwenye chemchemi ya mlimani. Kwa hiyo bomba lingeshuka kutoka msituni kupitia mashamba ya watu mpaka tambarare. Mwenyekiti wa kijiji, mzee Tadeo, alimwelekeza nyumba kwa nyumba. Alipofika kwa Ludovika alisema tu, "Pale ukifika usiingie. Simama nje ya ua, uite." Hakueleza zaidi. Watu wa serikali ukiwaeleza mambo hayo huandika neno ushirikina kwenye daftari, na Tadeo hakupenda kijiji chake kiandikwe. Xavery akadhani ni habari ya mbwa.

Akafika, hakuona mbwa, akaingia.

"Shikamoo mama."

Ludovika alikuwa akipura maharage. Ufito ukabaki hewani. Miezi mitano hakuna aliyemwamkia kwa umbali wa chini ya hatua thelathini, na huyu kijana mwenye viatu vya vumbi alikuwa amesimama palepale, anatabasamu, anaangalia vigoda.

Alijua la kufanya. Mtoto wa miaka saba wa Kiiraqw analijua. Unarudi nyuma, unanyoosha mkono, unasema: baba, usisogee, nyumba hii ina kifo. Neno lilipanda mpaka kooni. Halafu akaona kijana keshavuta kigoda.

"Marahaba, mwanangu," akasema. "Karibu. Nikuchemshie chai?"

Chai ile ilikaa saa mbili. Maziwa aliyatia mengi mpaka chai ikawa nyeupe. Alimweleza Xavery ugomvi wa Tadeo na mkwewe, na habari ya mwalimu wa Balangdalalu aliyehamia na wake wawili akasema mmoja ni dada yake, na kijana alicheka mpaka akaweka kikombe chini, akajazwa tena. Huko kwao Mahenge, alisema, kuna shangazi yake mwenye maneno kama haya. Ludovika alipata nguvu ambazo alishazisahau. Hata sauti yake ilimshangaza.

Mwishoni Xavery akatoa fomu. Akamweleza haki zake vizuri, hakumficha kitu: bomba haliwezi kuchimbwa kwenye shamba la mtu bila yeye kuarifiwa, kila kitakachoharibiwa kitaandikwa na kulipwa, na kama kuna nyumba, kisima au kaburi kwenye njia, bomba halina ruhusa ya kupita, litakunjwa. Kisha akasoma moja moja, kalamu mkononi.

"Miti?"

"Mikaratusi mitatu."

"Mazao?"

"Andika maboga. Na hayo maharage."

"Kaburi?"

Kikombe kilikuwa mdomoni mwake. Ludovika alikitazama. Kusema kaburi lipo ni kusema la nani, na la lini, na alikufa na nini; na huyu mtu, hata kama si wa hapa, angeuliza kijijini, nao wangemwambia, naye hangerudi tena. Isitoshe, bomba la zamani la misheni lilipita chini kabisa, kando ya njia ya ng'ombe. Hili nalo lingepita wapi kama si huko?

"Hakuna," akasema.

Xavery akaandika hakuna. Ludovika akatia sahihi aliyofundishwa kwenye kisomo cha watu wazima, herufi kubwa kubwa, na akamsindikiza mgeni wake mpaka mpakani, akabaki akimwangalia anavyoshuka kwenda kwa jirani yake Urban, ng'ambo ya korongo. Huko nako alipewa uji. Aliyempa ni Fabiola, mkwe wa Urban, mimba ya miezi minane.

Siku ya nne walikuja vijana wa kupima. Walikuwa wageni, hawakusalimia. Walivuta kamba kutoka msituni, wakapigilia vigingi vilivyopakwa rangi nyekundu, na Ludovika aliposikia nyundo nyuma ya zizi alikwenda kuangalia. Kigingi kimoja kilikuwa juu ya majani ya maboga, upande wa miguu. Cha pili kilikuwa upande wa kichwa. Kamba ilipita katikati, imenyooka, kama mtu aliyejua anachokitafuta.

Mvua za masika zilikuwa zimelishusha lile tuta, na maboga aliyoyapanda yeye mwenyewe, ili macho yake yapate kitu kingine cha kutazama, yalikuwa yametambaa juu yote. Mgeni asingeona kitu pale.

Akaenda kumtafuta Xavery. Hakuingia kijijini, alimsubiri kwenye njia ya juu mpaka jioni, na alipomwona akarudi nyuma hatua nyingi, safari hii kama inavyotakiwa, akamwambia yote kwa mbali. Xavery akamuuliza kwa nini hakusema siku ile.

"Ungeweka kikombe chini," akasema Ludovika.

Kijana alivua kofia. Akasema anamwamini, lakini fomu imeshakwenda na ina mkono wake mwenyewe. Kuifuta, sheria inataka majirani wawili wanaopakana naye waweke sahihi kwamba kaburi lipo. Wakitia sahihi kabla ya siku saba, yeye atalikunja bomba hatua ishirini, lipite ukingoni mwa korongo. Wasipotia, mhandisi wa shamba hatamsikiliza. Anataka maji kabla ya mavuno. Akasema Ijumaa kuna mkutano wa kijiji, huo ndio wakati wake.

Ijumaa Ludovika alivaa khanga nyeusi akashuka. Hakuna mtu wa metimani aliyewahi kwenda mkutanoni. Hata wazee hawakujua waseme nini. Alisimama mbali, penye uzio wa shule, akapaza sauti. Akasema kaburi la Zita liko kwenye njia ya bomba na wote wanalijua. Akaomba wawili tu, Urban na mwingine yeyote wa kupakana naye, waweke sahihi. Watu walikuwa wanatikisa vichwa kwa huruma. Kaburi ni kaburi. Urban mwenyewe alishanyanyuka, anajipapasa mfukoni kutafuta miwani.

Hapo mzee Tadeo akauliza, kama mwenyekiti: kama kaburi lipo, imekuwaje mpimaji aandike hakuna?

Xavery alijaribu kujibu yeye. Alisema ni kosa la kawaida, mama alisahau. Lakini katika kujibu akaeleza jinsi alivyopokelewa vizuri, akakaa, akanywa chai.

Watu waliangalia mikono yao. Maana Xavery alikuwa amekula kwa Tadeo. Alikuwa amelala kwa katibu. Alikuwa amebeba mtoto wa mwalimu. Na Urban alisimama palepale, mkono mfukoni, na ukamwona anahesabu siku tangu Fabiola alipompokea mgeni yule bakuli tupu na kulinyonya tone la uji kidoleni.

Hakuna aliyemtukana. Ingekuwa afadhali matusi. Kina mama waliokuwa mbele walifunga watoto migongoni na kuondoka kimya kimya, wakizunguka upande wa pili, kisha wanaume wakafuata, mpaka Tadeo akajikuta anafunga mkutano wa watu watano. Katibu akaandika kwamba pingamizi halikupata mashahidi. Xavery alibaki katikati ya uwanja, fomu mkononi, na kila aliyekaribiwa naye alisogea kando.

Siku mbili baadaye Ludovika alisimama ukingoni mwa korongo akamwita Urban. Walikuwa majirani miaka ishirini na sita. Huyu Urban ndiye aliyekuwa akikalia kigoda cha Margwe.

Alitoka, akasimama upande wake.

"Baba Gregory," Ludovika akasema, "kalamu si lazima uishike niliyoishika mimi. Mpimaji anayo mpya."

"Najua."

"Hatua ishirini tu. Litapita ukingoni, halitagusa hata mtama wako."

"Mtama nisingeujali, Mama Zita. Hata lingepita katikati ya nyumba yangu ningetia sahihi." Akakwangua udongo kwa fimbo. "Sahihi ni mkono. Nikikuwekea mkono, nimepokea chai yako. Nina mkwe ndani, tumbo liko hapa. Ulimwona kijana anashuka kuja kwangu. Ulimwona kwa macho yako. Hukuita."

Ni kweli Ludovika alikuwa amesimama akitazama. Ni kweli alikuwa anatabasamu.

"Akijifungua salama?" akauliza.

"Akijifungua salama tutaongea."

Basi siku zile alizobakiwa nazo Ludovika alizitumia kumwombea Fabiola. Hakuwahi kumwombea mtu hivyo, hata Zita. Kwa Zita hakupata nafasi, mikono yake ilikuwa kazini. Vibarua wa kijijini walikataa kuchimba kipande cha kwake, wakatupa majembe wakasema afadhali wakose ujira, na kwa siku moja nzima alifikiri kwamba kile kilichomtenga ndicho kitakachomlinda. Jioni akaona vumbi la lori tambarare. Shamba lilikuwa limeleta vibarua wengine, watu wa mbali wasiojua metimani ni nini, na turubai lao likawekwa kwenye kona ya chini ya shamba lake. Wangefika zizini keshokutwa.

Asubuhi ya siku ya saba, jua halijapanda, vigelegele vikasikika ng'ambo ya korongo. Vitatu, kisha vikakatika, kisha vinne. Mtoto wa kiume. Ludovika alikimbia mpaka ukingoni, machozi yanamtoka, akapaza sauti kuwapongeza, na kwa muda kidogo ilikuwa kama zamani. Alitaka kujua analia kwa nguvu, anafanana na nani, mama yake anaendeleaje.

Urban alitoka amevaa shuka jipya. Uso wake ulikuwa umelegea kwa usingizi na furaha. Alipomwona, furaha ikaingia ndani.

"Wote wazima," akasema.

"Mungu ashukuriwe. Basi ile karatasi..."

"Mama Zita." Alisema polepole, kama mtu anayemwekea mgonjwa mkono begani. "Kuna kichanga ndani. Kitovu hakijakauka. Sasa ndiyo kabisa."

Ludovika alikaa palepale chini kwenye majani. Urban naye hakuondoka haraka. Walikaa hivyo, kila mtu upande wake, mpaka mtoto alipolia na babu yake akaitwa.

Kisha akainuka, akaenda kuchukua jembe.

Ilikuwa mchana mweupe, na kutoka kila kilima mtu aliweza kuona. Aliyakata maboga kwanza, akayapanga pembeni. Akaanza kuchimba upande wa miguu. Udongo wa juu ulikuwa laini. Chini ulikuwa umeshikana, na mwanamke wa miaka hamsini na tano huchimba, hupumzika, huchimba. Kwenye vilima watu walisimama mmoja mmoja, kama ng'ombe kwenye mvua. Hakuna aliyeita.

Alikuwa amefika magotini alipoona kivuli. Xavery alikuwa amevua koti. Alikuwa na sepetu ya wale vibarua wa kwenye turubai.

"Toka huku," Ludovika akamwambia. "Wewe una kazi ya serikali. Hii inataka kibali."

"Mimi niko kwenye mapumziko ya chakula cha mchana, mama. Sijaona kitu."

"Ina kifo."

"Nilishakunywa," akasema, akashuka shimoni.

Mbao za mkaratusi zilikuwa bado ngumu. Walipitisha kamba za ng'ombe chini ya sanduku, wakalivuta, wakalipumzisha, wakalivuta, hatua baada ya hatua kuzunguka zizi, mpaka mbele ya mlango, mahali watu walipokuwa wakianika mtama wao wakipiga soga. Pale hakuna bomba lingepita. Fomu yenyewe ilisema nyumba haiguswi. Walichimba tena. Walipomaliza, jua lilikuwa limeinama na mikono ya kijana ilikuwa imechubuka, na Ludovika akasali peke yake, kwa Kiiraqw, maneno machache. Akamwambia Zita kwamba hapa atasikia watu wakija.

Akachemsha chai. Xavery alikunywa akiwa amekaa kwenye kigoda, na safari hii Ludovika hakumsimulia habari ya mtu yeyote. Kikombe kilipokwisha hakumwongeza.

"Nisikilize, mwanangu. Njiani, kila ua utakaoufikia, simama nje. Usiingie. Sema kwa sauti: nimetoka kwa Ludovika. Usilale kwa katibu leo."

"Nitalala wapi?"

"Kwenye lori. Au Katesh, ukiwahi. Lakini useme."

Akamsindikiza mpaka jiwe la mpakani, akakomea hapo. Xavery alishuka korongoni, akapanda ng'ambo, na Ludovika alimwona anasimama mbali na ua wa Urban, kofia mkononi, kama alivyoelekezwa. Upepo ulileta sauti yake yote.

"Hodi hapo. Nimetoka kwa Ludovika."

Mlango ulifungwa kutoka ndani. Akasubiri kidogo, kwa heshima, kisha akaendelea na njia, na ua uliofuata akasema tena, na uliofuata tena, sauti ikipungua kadiri alivyoshuka, na mlango kwa mlango vilima vikafungwa.

Ludovika alirudi nyumbani. Kule chini vibarua walikuwa wakigonga sururu kwenye mawe, mtaro unakuja. Aliosha vikombe viwili, akakaa mlangoni karibu na udongo mpya. Ilibaki miezi saba.